Nyumba ya Atakayebaki

Wiki hii twaomba idhini ya wasomaji wetu, hasa mama zetu na dada zetu, tuzungumze jambo la nyumbani kwetu. Mama watoto amestaafu ualimu akiwa na umri wa miaka 60, nasi tunamfuata kwa miaka mitatu, kwani yeye ndiye aliyetutangulia kuja duniani. Watoto wamekwisha kuoa na kuolewa. Nyumba ya kupanga tuliyowalelea imekuwa pana kuliko sauti zilizomo, na kodi yake haipungui. Basi tulikaa tukashauriana: kwa fedha alizopata yeye za kiinua mgongo pamoja na dhahabu yake, na kwa fedha tulizopata sisi kwa kuuza fungu letu la shamba la minazi la marehemu baba, je, twaweza kununua fleti ndogo karibu na maji, ya kumalizia umri?

Karibu na maji lilikuwa sharti lake. Alizaliwa Kibokoni, akalala utotoni mwake kwa kusikia bahari, na asema hewa isiyo na chumvi humkaba. Sisi hatukuwa na ubishi.

Kabla ya kwenda kuona nyumba hata moja tulikubaliana neno moja, na neno hilo ndilo lililoongoza mengine yote. Nyumba ya uzeeni huwa ya watu wawili kwa muda, kisha hubaki ya mmoja. Nani atatangulia, ilimu yake iko kwa Mola. Lakini mmoja atabaki, na huyo ndiye atakayeihitaji nyumba zaidi, kwa kuwa hatakuwa na wa kumshika mkono ngazini wala wa kumwamsha usiku. Hivyo kila fleti tuliyoingia tulijaribu kuitazama kwa macho ya huyo atakayekuwa peke yake.

Tulianza Nyali, kama waanzavyo wengi, kwa kuwa ndiko yanakokwenda macho. Lilikuwa jengo refu linalotazama bahari kuu. Ukisimama kwenye roshani ya ghorofa ya tisa waiona miamba ikivunja mawimbi kwa mbali, na ndani yake ngalawa za wavuvi zimetulia kama katika bakuli. Bei iliyotajwa ilikuwa mara tatu ya tulichonacho; tuliingia kwa kutaka kuona tu. Na kuona kulitufaa. Kijana aliyetutembeza alitaja ada ya huduma ya kila mwezi: ulinzi, lifti mbili, genereta, bwawa la kuogelea, bustani. Mama watoto alitoa kalamu mkobani, akaipima ada ile na pensheni yake, akakuta karibu thuluthi ya pensheni imeondoka kabla hajanunua unga wala samaki. Kisha akamwuliza kijana ada hiyo imepanda mara ngapi tangu jengo limalizike. Kijana alicheka, wala hakujibu.

Wengi hutazama bei ya kununulia wakasahau bei ya kukaa. Mtu akiwa kazini, ada ikipanda hukunja uso akalipa. Mjane wa miaka 75 mwenye pensheni isiyopanda hana uso wa kukunja.

Na bahari nayo hudai ada yake. Upepo wa kusi huleta chumvi hadi ndani ya makabati. Chumvi hupenya katika zege ikafika kwenye nondo. Nondo hushika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo, basi zege hupasuka kutoka ndani na kubambatuka vipande vipande. Wazee wetu walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, wakatandika boriti za mikoko darini, na kuta zao hazikuwa na chuma cha kuoza. Sisi twajenga kwa nondo na saruji mbele ya mawimbi yale yale. Kwa hiyo anayekwenda kuona fleti ya ufuoni asivutwe na rangi mpya ya ukutani. Asimame chini nje ya jengo atazame juu, kwenye matumbo ya roshani: kama kuna mistari ya kahawia na zege lililoanguka, ajue matengenezo makubwa yanakuja, na yatalipwa na wenye fleti wote. Afungue madirisha, aguse bawaba. Afungulie bomba la jikoni ayaonje maji, kwa kuwa visima vingi vya ufuoni vina chumvi, na maji ya chumvi yakishaingia katika mabomba huyala pia.

Kutoka Nyali tulipanda kaskazini hadi Mtwapa. Huko bei ilikuwa ndani ya uwezo wetu na salio lingebaki, lakini tulichoonyeshwa kilikuwa nguzo, ngazi zisizo na kuta, na picha nzuri iliyobandikwa kwenye bati. Ulipe kwa mafungu, fleti utakabidhiwa baada ya miezi 24. Wengi wametuuliza kama kununua kitu ambacho hakijakuwapo ni halali. Mkataba wa kutengenezewa kitu, yaani istisnaa, umezungumzwa na mafakihi tangu zamani, na Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilipokutana Jeddah mwaka 1992 liliukubali, ilimradi sifa za kitu zielezwe kwa ukamilifu na muda wake uwekwe, na bila shaka bei iwe ni yenye kujulikana. Uhalali ulikuwapo, basi. Tulilolipima ni jingine: mwenye umri wa miaka 30 akicheleweshewa nyumba yake miaka minne hukasirika, kisha huipata. Mwenye miaka 60 huenda asiipate. Na mjenzi akifilisika katikati, fedha za kiinua mgongo hazina mwaka wa pili wa kuzichuma tena.

Tulitaka pia kujua jirani atakuwa nani. Jirani kabla ya nyumba, wasema wahenga wa Kiarabu, na waungwana wa Pwani waliupokea usemi huo kama wao. Katika jengo lililokamilika karibu na hapo tuliambiwa kuwa zaidi ya nusu ya fleti hukodishwa kwa usiku mmoja mmoja kwa wageni. Hatuwalaumu wenye kutafuta riziki yao, lakini jirani abadilikaye kila Ijumaa si jirani. Atakayebaki peke yake ahitaji mtu atakayegundua kuwa mlango haujafunguliwa tangu asubuhi.

Tulipokuwa huko tulipita Jumba la Mtwana, magofu ya mji wa Waswahili wa karne ya 14, tukakaa kivulini mwa mibuyu. Msikiti wao uko hatua chache tu kutoka ufuoni, na makaburi yako ubavuni mwake. Mama watoto alitembea kutoka gofu la nyumba moja hadi msikitini akihesabu hatua, kama afanyavyo mwalimu akipima uwanja wa michezo. Kuanzia hapo akawa anahesabu hatua kila tulipokwenda.

Likoni tuliipenda kwa utulivu na kwa bei, ila mgonjwa wa usiku wa manane hana subira ya feri. Kutoka Mtwapa hadi hospitali kuu ya Makadara kuna madaraja mawili, la Mtwapa na la Nyali, na kila mkazi wa kaskazini ajua foleni ya jioni ilivyo. Kilifi na Malindi kuna watu wetu na kuna fleti za bei nafuu, lakini watoto wetu wawili wako kisiwani Mombasa, na mwenye kumtazama mzee ni yule awezaye kufika kwa tuktuk.

Tukarudi kisiwani. Fleti tuliyoichukua iko Tudor, katika jengo la zamani la ghorofa nne lisilo na lifti. Ni vyumba viwili, ghorofa ya kwanza, ngazi 17. Haitazami bahari kuu, yatazama hori. Maji yakijaa, hasa siku za bamvua, hori hufurika hadi kwenye mizizi ya mikoko na waweza kudhani uko kisiwani peke yako. Maji yakipwa hubaki tope, na harufu yake, wallahi, haina sifa. Uchafu wa mji wetu huishia mle, na wakazi wa Tudor wana haki ya kulalamika kuliko wanavyolalamika. Bomba la kaunti hutoa maji siku fulani fulani na siku nyingine watumia tangi. Hatusemi haya kwa kuidunisha nyumba yetu. Twayasema kwa sababu matangazo ya nyumba za majini hayana harufu wala tope, na anayenunua kwa fedha za mwisho anapaswa kwenda kuiona nyumba maji yakiwa yamepwa, si yakiwa yamejaa tu.

Bei ilikuwa shilingi milioni 6 na nusu. Juu yake kulikuwa na ushuru wa stempu, ambao katika maeneo ya miji ni asilimia 4 ya thamani, na ujira wa wakili. Riba hatukuigusa. Tangu mwaka 2008 nchi yetu ina benki zinazoendesha kazi kwa misingi ya sharia, na kijana mwenye mshahara aweza kununua nyumba pamoja na benki kwa ushirika ambao fungu la benki hupungua kidogo kidogo hadi likaisha. Ila kwa wenye umri wetu muda wa kulipa ni mfupi na fungu la kila mwezi huwa zito, basi tulitosheka na tulichonacho. Zaka tuliitoa kabla ya kulipa. Fedha iliyofikia nisabu na kupitiwa na mwaka hutolewa asilimia 2 na nusu hata kama imewekewa nia ya nyumba. Nyumba yenyewe, ukishaikaa, haina zaka.

Sasa turudi kwa yule atakayebaki, maana hapa ndipo tulipokaa zaidi.

Kazi yetu hutuingiza katika nyumba nyingi siku ya msiba. Tumeosha maiti katika vyoo ambavyo watu wawili hawakuweza kugeuka. Tumeona jeneza likisimamishwa wima ndani ya lifti kwa kuwa halikuenea kwa ulalo, na watoto wa marehemu wakigeuza nyuso zao wasitazame. Tumeona jingine likipitishwa juu ya ukingo wa ngazi huku vijana wa ghorofa ya chini wakinyoosha mikono kulipokea. Mauti hayachagui nyumba, lakini anayechagua nyumba aweza kuyafikiria. Basi tulikwenda Tudor na ukanda wa kupimia. Tulipokuwa tumeinama kwenye kona ya ngazi, mama watoto akauliza, "Maalim, wapima kabati?" Tukamjibu kuwa twapima jeneza. Alinyamaza kidogo, kisha akashika ncha ya pili ya ukanda. Kona yaenea, na nafasi kidogo inabaki.

Halafu tukaizungumza eda, jambo ambalo wanandoa wachache hulizungumza wakiwa hai wote wawili. Mjane hukaa nyumbani mwake miezi minne na siku kumi. Nyumba itakayomfungia mtu kwa muda huo yafaa iwe na hewa na mwanga na sitara. Ile roshani ya Nyali, pamoja na uzuri wake wote, ilitazamana na roshani nyingine nne za jengo la jirani. Kila atokapo kuanika kitambaa angelazimika kujitanda kama aendaye sokoni. Nyumba za zamani za Mji wa Kale zililijua jambo hili, na kwa sababu hiyo ua wake uko ndani na dirisha lake la juu lina vibao. Roshani ya Tudor mbele yake kuna mikoko tu. Yuko upande wa mashariki, jua la asubuhi humfikia na la alasiri humwacha. Aweza kukaa pale na tasbihi yake, au na kikombe chake cha chai ya tangawizi, akaona maji bila ya kuonwa.

Kwenye ghorofa ya chini anakaa mama mmoja mwenye umri karibu na wake, ambaye kila Alhamisi huwa na darsa ya wanawake sebuleni kwake. Mama watoto alikaa naye saa nzima kabla hatujatoa shilingi. Alitoka na habari zote za jengo: nani halipi ada, tangi hupasuka wapi, nani mgonjwa. Hakuna wakili awezaye kukupa hayo.

Kama atakayebaki ni sisi, hitaji ni dogo zaidi. Msikiti uko hatua 210, zimehesabiwa na yule yule, na njia haina mteremko. Na kwa kuwa upishi wetu huishia kwenye chai, kuna hoteli pembeni iuzayo mahamri na mbaazi alfajiri.

Shangazi yetu mwenye umri wa miaka 84, aliyezaliwa Majengo, alipopata habari alituita. Akauliza, "Mwanangu, nyumba isiyo na ardhi tuliikimbia Majengo, nanyi mwairudia Tudor?" Wasomaji wa umri mdogo huenda wasilielewe swali lake, nalo ni swali zito. Katika mitaa mingi ya Mombasa mtu alijenga nyumba yake ya Kiswahili, ya vyumba huku na huku na ukumbi katikati, juu ya kiwanja cha mtu mwingine. Kuta na paa vilikuwa vyake. Ardhi ilikuwa ya mwenye kiwanja, naye hulipwa kodi ya ardhi kila mwezi. Nyumba hizo zilirithiwa, zikauzwa, zikawekwa rehani, mpaka siku mwenye kiwanja au warithi wake walipouza ardhi kwa mjenzi wa maghorofa, na mwenye nyumba akapewa notisi ya kuondoa kuta zake. Shangazi aliiona notisi ya namna hiyo mlangoni mwa mama yake.

Tulimweleza polepole, kwa kuwa swali lake ndilo ambalo kila mnunuzi wa fleti yampasa kuliuliza. Fleti nayo, kwa hakika, ni nyumba isiyokanyaga ardhi. Tofauti iko katika karatasi. Kwa miaka mingi wenye fleti hapa Kenya walishika mikataba midogo ya kukodi, na ardhi ikabaki kwa jina la mjenzi au la kampuni ya jengo. Kampuni ikilala, nawe umelala. Sheria ya mali za sehemu ya mwaka 2020 ilikuja kulibadilisha hilo. Jengo hupimwa, kila fleti hupata hatimiliki yake, na pamoja na hatimiliki hiyo mwenye fleti huwa na fungu lake katika vitu vya wote, yaani ardhi, ngazi, paa, tangi. Wenye fleti kwa pamoja huwa shirika, na shirika hilo ndilo linalopanga ada na matengenezo na kanuni za jengo, hata suala la kukodisha kwa usiku mmoja. Sheria iliagiza mikataba ya zamani igeuzwe, lakini yako majengo ambayo hayajageuzwa, na wauzaji husema "hati inakuja". Sisi tulisubiri hati ije kwanza, kisha tukalipa.

Ardhi ya jengo letu ni ya ukodishaji wa serikali wa miaka 99, na imesalia miaka 61. Hiyo inatutosha sisi. Watoto haiwatoshi, nasi tumewaambia. Sheria yaruhusu kuomba kuongezewa muda kabla haujamalizika, na hiyo itakuwa kazi yao na ya shirika. Lakini mwenye kununua fleti ya miaka 25 iliyosalia akidhani anawaachia watoto urithi, awaachia barafu kwenye jua.

Shangazi alisikiliza yote, kisha akasema ataamini atakapoiona karatasi yenyewe.

Lililobaki ni jina la nani liandikwe. Katika milioni 6 na nusu, milioni 3 na laki 9 zilitoka kwa mama watoto, na milioni 2 na laki 6 zilitoka kwetu. Yaani mafungu matatu yake, mawili yetu. Desturi ya hapa petu haina hesabu ndefu: nyumba huandikwa kwa jina la mume. Wazee wawili tunaowaheshimu walituambia hivyo, mmoja wao akauliza kwa mzaha kama tumelishwa kitu. Nasi twawaheshimu, lakini mali ya mke ni yake kwa sharia, kabla ya ndoa na ndani ya ndoa. Mume ndiye aliyelazimishwa kumpa mke makazi. Mke hakulazimishwa kumpa mume. Akitoa fedha zake katika nyumba, basi ni moja kati ya mambo matatu: ametoa zawadi, au amekopesha, au amenunua fungu. Ni lipi, liandikwe siku ile ile. Qur'ani imeamrisha deni dogo na kubwa liandikwe, nasi twaandika hata deni la sukari dukani, lakini jasho la miaka 35 la mwanamke twaliacha katika kumbukumbu ya maneno ya chumbani.

Tumekaa katika vikao vya mirathi vya kutosha kujua mwisho wake. Yuko mama mmoja, mtaa wake tusiutaje, ambaye aliuza dhahabu yake mara mbili, mara ya kwanza kwa msingi na mara ya pili kwa paa. Hati ilikuwa kwa jina la mumewe. Mume alipofariki, watoto wa ndoa ya kwanza walitaka haki yao, na haki yao ilikuwa ya kweli. Mama akasema nusu ya nyumba ni yake. Aliambiwa alete ushahidi, kama sharia inavyotaka kwa kila mwenye kudai. Sonara aliyenunua dhahabu alikwisha kufa. Alipewa thumuni yake, akahama.

Tuifanye hesabu kwa nyumba yetu wenyewe, ili kila msomaji aifanye kwa yake. Lau ingeandikwa kwa jina letu peke yetu, nasi tukatangulia, mama watoto angepata thumuni ya milioni 6 na nusu, nayo ni shilingi 812,500. Na lau tungekuwa na wake wawili, wangegawana thumuni hiyo hiyo. Kwa kuandikwa mafungu, milioni 3 na laki 9 hazigawanywi kamwe, kwa kuwa si mali ya marehemu. Kinachogawanywa ni milioni 2 na laki 6 zetu, baada ya mazishi, madeni na wasia: mama yetu mzazi, ambaye yu hai, ana sudusi yake, mama watoto ana thumuni, shilingi 325,000, na kinachobaki ni cha watoto. Hivyo mikononi mwake hukusanyika shilingi 4,225,000 katika nyumba. Akitangulia yeye, sisi tuna milioni 2 na laki 6 zetu, na robo ya fungu lake, shilingi 975,000, jumla 3,575,000. Ama yeye ama sisi, atakayebaki ana zaidi ya nusu, na mwenye zaidi ya nusu haondolewi kirahisi. Hata mrithi mmoja akitaka fungu lake kwa fedha, kinachotakiwa kununuliwa ni kidogo.

Wakili, kwa nia njema, alitushauri njia fupi zaidi. Sheria ya usajili wa ardhi ya mwaka 2012 huwaruhusu mume na mke kumiliki kwa pamoja bila ya mafungu. Mmoja akifa, nyumba yote humwendea aliyebaki bila ya mahakama wala kikao. Mama watoto aliipenda kwa dakika chache, nasi twakiri ina mvuto. Lakini twende nayo mpaka mwisho. Sisi tukifa, mama yetu hapati sudusi yake wala watoto mafungu yao, mafungu ambayo Mwenyezi Mungu ameyagawa mwenyewe. Aliyebaki atakuwa amekalia haki za watu, na karatasi ya serikali itamwambia ni zake. Tukachagua umiliki wa mafungu.

Watoto tuliwaita wote wanne, tukawasomea hesabu. Wakasema kwa kinywa kimoja kuwa atakayebaki akae mpaka mwisho wake, hakuna atakayeuza. Tuliwaombea kheri, kisha tukawaeleza kuwa kauli hiyo haiwafungi: mrithi hawezi kuachilia leo haki ambayo bado hajaipata, na idhini yenye nguvu ni ile itakayotolewa baada ya mauti. Binti yetu mdogo alikasirika kidogo, akadhani hatumwamini. Mama yake akamwambia, "Twakuamini wewe, mwanangu. Hatumjui mumeo atakuwa na shida gani mwaka huo."

Hati ilitoka wiki mbili kabla ya kuhamia. Ina majina mawili, na jina la mama watoto ndilo la kwanza kwa kuwa fungu lake ndilo kubwa. Karani aliyetukabidhi aliitazama, akatutazama kilemba na ndevu, akauliza kama majina yamegeuzwa kimakosa, ili airudishe irekebishwe. Tukamwambia yako sawa. Jioni yake tuliipeleka kwa shangazi. Aliomba miwani, akaisoma neno kwa neno, akakiweka kidole chake mahali palipoandikwa fungu la ardhi.

"Hapa," akasema. "Mama hakuwa na hapa."